Picha Ilitumwa Kazi Gani? Kusoma Sura za Waingereza, 1526 hadi 1632

Mhadhara kwa hadhira ya Ediofe, Arua

Huenda wapo kati yenu wanaojiuliza picha za Waingereza waliokufa zamani zinamhusu nini mtu wa West Nile. Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia kanisani.

Aliyelelewa jirani na Kanisa Kuu la hapa Ediofe amekua kati ya picha. Mama Maria, Moyo Mtakatifu, njia ya msalaba, Mashahidi wa Uganda: picha hizo hazitazamwi tu, watu husali mbele yake. Mwingereza wa mwaka 1530 naye alikua hivyo. Kanisa la kijijini kwake lilijaa watakatifu wa mbao na wa ukutani, waliopakwa rangi kali na kuwashiwa mishumaa. Kisha Mfalme Henry wa Nane akaachana na Roma. Mwaka 1538 ikatoka amri ya kuondoa sanamu ambazo watu walizihiji. Mwaka 1547, chini ya mwanawe Edward aliyekuwa bado mtoto, amri ikawa kali zaidi, na katika miaka iliyofuata sanamu zikavunjwa, michoro ya ukutani ikapakwa chokaa, na pale ulipokuwa umesimama msalaba mkubwa, makanisa mengi yakaweka nembo ya mfalme.

Mchoraji aliyekuwa akila kwa watakatifu afanye nini? Alibaki na ngao, bendera, mapambo ya sherehe, na uso wa binadamu. Uso wa binadamu haukuwa na hatari, maana hakuna aliyetarajiwa kuupigia magoti. Mwaka 1560 Malkia Elizabeth alitoa tangazo la kukataza watu wasiharibu makaburi na kumbukumbu za koo zilizomo makanisani, kwa hoja kwamba hizo zilikuwa za ukumbusho, si za ibada. Mtakatifu akaondoka, babu wa tajiri akabaki. Ndiyo maana kwa karibu miaka mia sanaa ya rangi ya Waingereza ilikuwa, kwa sehemu kubwa sana, sanaa ya picha za watu. Wakati Waitalia na Wahispania walipoendelea kuchora Pasaka na Noeli, Waingereza walichorana wao kwa wao.

Nasema walichorana, lakini wachoraji wakubwa walitoka nje. Hans Holbein alizaliwa Augsburg, Ujerumani, akakaa Basel, na mwaka 1526 akafika London akiwa na utambulisho wa mwanachuoni Erasmus kwa rafiki yake Thomas More. Hans Eworth alitoka Antwerp. Levina Teerlinc, mwanamke aliyechora picha ndogondogo na kulipwa pauni 40 kwa mwaka na ikulu, alitoka Bruges. Marcus Gheeraerts aliletwa kutoka Bruges akiwa mtoto, baba yake akikimbia mateso ya kidini. Nyinyi mnaoishi karibu na mipaka miwili mnajua wakimbizi huja na ujuzi wao, kwa hiyo sitalieleza zaidi.

Sasa tuitazame picha moja kwa karibu. Iko National Gallery ya London na huitwa “Mabalozi”. Holbein aliichora mwaka 1533 kwenye mbao za mwaloni, na ina upana na urefu wa zaidi ya mita mbili. Kushoto amesimama Jean de Dinteville, balozi wa Ufaransa, mabega yake yamejaa manyoya. Kulia ni rafiki yake Georges de Selve, askofu wa Lavaur, katika joho refu la rangi nzito. Umri wao umeandikwa, ila lazima uutafute: 29 iko kwenye ala ya jambia la balozi, 25 iko pembeni mwa kitabu alichoegemezea askofu kiwiko. Ndiyo, askofu wa miaka 25. Zama hizo uaskofu uliweza kuwa zawadi ya mfalme kwa familia.

Kati yao kuna rafu mbili. Ya juu imetandikwa zulia la Kituruki na kuwekwa vyombo vya kupimia jua na nyota. Ya chini ina tufe la dunia, kitabu cha hesabu cha wafanyabiashara, filimbi, kitabu cha nyimbo za Walutheri, na ala ya nyuzi ambayo mtu wa pwani ataitambua mara moja kuwa ndugu wa udi. Uzi mmoja umekatika. Chini kabisa, mbele ya miguu yao, kuna kitu kirefu cha kijivu kilicholala mshazari, hakieleweki. Ukisogea pembeni mwa picha na kuitazama kwa upande, kitu hicho kinajikusanya na kuwa fuvu la mtu. Na katika pembe ya juu kushoto, pazia la kijani limeacha wazi sehemu ndogo tu, na hapo Kristo msalabani anaonekana nusu.

Kumbukeni mwaka. Mwaka huohuo 1533 Henry alimtawaza Anne Boleyn kuwa malkia, na Dinteville alikuwapo kama mwakilishi wa Ufaransa. Kanisa la Magharibi lilikuwa linapasuka mbele ya macho ya hawa vijana wawili ambao kazi yao ilikuwa kupatanisha. Uzi uliokatika, wimbo wa Kilutheri mbele ya askofu Mkatoliki, Kristo nyuma ya pazia: Holbein ameandika barua nzima bila kutumia kalamu. Wako wanaoitafuta siri katika kila kipimajua kilichomo, na baadhi yao nadhani wameipita picha yenyewe. Lakini hayo matatu hayahitaji ushirikina wowote kuyaona.

Hapa ndipo nafikia jambo nililokuja kulisema. Tukikutana na picha ya mtu, ulimi wetu hukimbilia swali la kufanana: je, ndivyo alivyokuwa? Kwa picha hizi swali la kwanza liwe jingine: ilitumwa kazi gani? Fikirini picha ya mahafali iliyotundikwa sebuleni. Joho limekodishwa, kofia imekodishwa, karatasi iliyofungwa utepe haina maandishi, na rafu ya vitabu iliyo nyuma ni pazia la studio. Hakuna mgeni anayesema picha hiyo inadanganya. Kila mmoja anajua inatangaza kwamba mtoto huyu amemaliza, na kwamba kuna watu waliouza mbuzi ili amalize. Mwingereza wa mwaka 1580 aliyetundika picha yake na nembo ya ukoo pembeni, na mwaka na umri wake juu kwa Kilatini, angewaelewa wazazi hao bila mkalimani.

Nyingine zilitumwa kuposa. Mwaka 1538, Henry akiwa mjane, Holbein alipelekwa Brussels kumchora Christina wa Denmark, mjane wa miaka 16. Alipewa saa tatu tu. Kutokana na michoro ya saa hizo ilitoka picha ya binti mzima, wima, katika nguo nyeusi za msiba, mikono na uso vikimeta juu ya weusi huo. Ndoa haikufungwa. Mwaka uliofuata akatumwa kumchora Anne wa Cleves. Huyu aliolewa Januari 1540, mfalme hakumpenda tangu siku ya kwanza ya kumwona, na Julai ndoa ikabatilishwa. Thomas Cromwell, waziri aliyeisukuma, alikatwa kichwa mwezi huohuo. Holbein hakuguswa. Nimezitazama sana nakala za picha ya Anne, na naona mchoraji amejilinda: nguo imechorwa kwa moto wote, kila uzi wa dhahabu uko mahali pake, na uso uko mbele yako sawasawa, mpole, usioahidi kitu.

Sasa tuje kwa Elizabeth, aliyetawala tangu 1558 hadi 1603, maana hapa mwana West Nile ana ujuzi ambao msomi wa Oxford hana.

Wazee wetu wameshika pesa za aina nyingi. Wako waliozishika noti za Afrika Mashariki zenye sura ya Elizabeth wa Pili. Na wengi walizishika noti za Benki ya Uganda za mwaka 1973, zenye sura ya Idi Amin katika sare za kijeshi, mtu ambaye ukoo wake ni wa Wakakwa wa Koboko, si mbali na hapa. Alipoanguka mwaka 1979, sura ile iliondolewa kwenye noti mpya. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, lilifungua maonyesho ya picha zilizopigwa na wapigapicha wa serikali ya Amin, zilizochaguliwa kutoka hasi takribani 70,000 zilizokutwa katika hifadhi ya shirika la utangazaji. Serikali ile ilijipiga picha bila kuchoka. Tukiingia leo katika ofisi yoyote ya wilaya, tunaikuta picha ya rais juu ya kiti cha mkuu, ileile Arua, ileile Mbarara. Silinganishi utawala na utawala. Nasema tu kwamba sisi hatuhitaji kufundishwa kuwa sura ya mtawala ni chombo cha serikali, na kwamba sura hiyo hupitishwa na watu kabla haijatufikia.

Elizabeth alilijua hilo mapema. Mwaka 1563 ofisi ya waziri wake William Cecil iliandaa rasimu ya tangazo: watu waache kumchora malkia hadi mchoraji hodari atakapotoa sura moja iliyokubaliwa, ambayo wengine wote wataiiga. Mwaka 1596 Baraza la Malkia liliagiza picha zake zisizofaa zitafutwe na kuharibiwa. Na kati ya hapo njia ya kazi ilikuwa ya kiolezo. Mchoraji mmoja akipata nafasi ya kumwona malkia, uso wa malkia ulihamishwa kwenye karatasi. Mistari ikatobolewa kwa sindano, karatasi ikalazwa juu ya ubao mpya, vumbi la makaa likapigwa juu yake kwa kifuko cha kitambaa, na chini yakabaki madoa madogo yenye umbo la pua na kidevu cha malkia. Baada ya hapo unaweza kumvika gauni lolote. Picha inayoitwa ya Darnley, ya mwaka 1575 hivi, ilitoa uso uliotumika tena na tena kwa miaka mingi, huku mwenyewe akizeeka.

Picha hiyohiyo inatuonya tusiamini macho yetu haraka. Elizabeth tunayemjua ni mweupe kama karatasi, na vitabu vingi vimejengwa juu ya weupe huo. Wataalamu wa National Portrait Gallery walipoichunguza waligundua kuwa rangi nyekundu ya mashavuni ilikuwa ya aina inayofifia kwa mwanga. Mwanzo uso ulikuwa na damu, na gauni lililo hudhurungi leo lilikuwa na wekundu mkali. Bluu ya bei nafuu, iliyotengenezwa kwa kusaga kioo, nayo hugeuka kijivu kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo sehemu ya ule ubaridi tunaousifu kama tabia ya Kiingereza ni kazi ya jua la dirishani.

Sehemu nyingine ilikusudiwa. Nicholas Hilliard, mtoto wa sonara wa Exeter na sonara mwenyewe, alichora picha ndogo za kushikwa kiganjani, kwa brashi ya nywele chache, juu ya ngozi laini ya ndama iliyobandikwa kwenye karata ya kuchezea. Ameandika kwamba malkia alipokuja kuchorwa alichagua kukaa nje bustanini, mahali pasipo na kivuli cha mti. Bila kivuli hakuna kunjo, hakuna shimo chini ya jicho, na hakuna umri. Hilliard naye aliamini kuwa mistari safi hushinda kivuli, basi mteja na fundi wakaafikiana.

Picha kubwa za mwisho za Elizabeth hazina haja na uso. Katika ile iliyotokana na kushindwa kwa manowari za Hispania mwaka 1588, madirisha mawili nyuma yake yanaonyesha meli, na mkono wake umetua juu ya tufe la dunia, vidole vikiwa upande wa Amerika. Uingereza wakati huo haikuwa na koloni hata moja lililosimama, mkono ulitangulia. Katika ile ya Ditchley, ya mwaka 1592 hivi, Gheeraerts amemsimamisha juu ya ramani ya Uingereza yenyewe, viatu vikiwa Oxfordshire, kwenye eneo la bwana aliyemwalika. Na katika picha ya Upinde wa Mvua, karibu na mwaka 1600, bibi wa miaka 67 hivi ana uso wa msichana, ameshika upinde mkononi, joho lake limetapakaa macho na masikio. Wakubwa wa zama hizo waliipenda lugha hii ya mafumbo. Mimi naiona inachosha ikizidi, lakini macho na masikio yale hayana fumbo kubwa: serikali inaona na inasikia.

Mwaka huohuo 1600, mwezi Agosti, alishuka bandari ya Dover mgeni wa aina nyingine. Abd el-Ouahed ben Messaoud alikuwa balozi wa Sultani Ahmad al-Mansur wa Moroko. Alikuja kuzungumzia umoja dhidi ya Hispania, adui wa wote wawili, ingawa mbele ya watu ilisemwa ni mambo ya biashara. Alikaa London karibu nusu mwaka. Kuna mchoraji, jina lake halikuandikwa, aliyemchora kwenye ubao ambao leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Kilemba cheupe. Joho jeusi juu ya vazi jeupe refu. Upanga wa Kimoroko ubavuni, mpini wake una nakshi. Macho yanamtazama anayemtazama. Juu yake, kama ilivyo kwa bwana yeyote wa Kiingereza, yameandikwa mwaka 1600, umri wake, 42, jina lake kama masikio ya Waingereza yalivyolipokea, na cheo chake: balozi wa mfalme wa Barbari kwa Uingereza.

Watu wengi humtaja kwa ajili ya Shakespeare tu, kwa kuwa tamthilia yake ya Othello, Mwafrika wa jukwaani, iliandikwa miaka michache baadaye. Mimi naona hilo ni kumpunguza. Picha yenyewe ni hati ya serikali, na mtu wa Mombasa au Zanzibar angeisoma kwa urahisi kuliko Mwingereza aliyeichora, maana kilemba, joho na upanga wa heshima kwake si vitu vya ajabu. Mchoraji alimpa Mwafrika huyu kila kitu alichompa Mwingereza mwenye hadhi: maandishi, umri, cheo, nafasi ya kusimama peke yake.

Sasa linganisheni na picha ya mwaka 1617, ya Malkia Anne wa Denmark, mke wa Mfalme James wa Kwanza, iliyochorwa na Paul van Somer na ambayo iko katika hazina ya kifalme. Anne amevaa nguo za kuwinda, ameshika kamba za mbwa wadogo wembamba, nyuma ni kasri la Oatlands. Hewani, juu ya kichwa chake, umepita utepe wenye maneno ya Kiitaliano kwamba ukuu wake watoka juu. Pembeni, ameshika farasi, yupo kijana Mwafrika katika sare nyekundu. Farasi amechorwa kwa upendo. Kijana naye amechorwa vizuri, uso wake ni uso wa mtu halisi. Lakini hana maandishi. Katika picha ambayo hata anga limeandikwa, yeye hana jina wala umri, kwa kuwa yumo kama sehemu ya utajiri wa malkia. Baadaye, mchoraji Van Dyck, ambaye tutamfikia, na waliomfuata walipochora mabibi wakubwa na mtumishi mweusi pembeni, mtindo huu ulizoeleka kabisa, na ulikwenda sambamba na kukua kwa biashara ya watumwa.

Wakati mwingine daftari la malipo hujua kuliko picha. John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi wa Henry wa Nane, anaonekana mara mbili juu ya farasi katika hati ndefu ya mashindano ya Westminster ya mwaka 1511, akiwa na kilemba. Hati haimtaji. Tunalijua jina lake kwa sababu mhasibu wa ikulu aliandika kwamba alilipwa peni 8 kwa siku.

Miaka ya 1610 ilikuwa miaka ya nguo. William Larkin na wenzake waliwasimamisha mabwana na mabibi juu ya mazulia ya Kituruki, kati ya mapazia mawili yanayong’aa kama bati, kila kishikizo na kila ua la hariri likihesabika. Nguo hizo ziligharimu kuliko picha zenyewe, na picha zinalijua hilo. Watu waliomo wanafanana mno. Yeyote anayependa vitenge vyetu na kujua kutofautisha kitambaa cha Kongo na cha madukani atafaidi, wengine wapite haraka.

Kisha mwaka 1632 akaja Anthony van Dyck kutoka Antwerp, mwanafunzi wa Rubens, na Mfalme Charles wa Kwanza akampa cheo cha heshima mwaka huohuo. Alileta kivuli. Alileta upepo katika nywele, hariri inayoteleza, mkono uliolegea kama vile mwenyewe amesahau kuwa anachorwa. Maandishi, umri na nembo vikapungua upesi. Ukuu sasa ulisomwa katika namna mtu anavyosimama, na anayejifunza picha za Kiingereza kwa kufuata maandishi, kama tulivyofanya leo, akifika kwa Van Dyck anakuta hakuna pa kuanzia. Hapo inabidi tujifunze kusoma mabega na vifundo vya mikono, na hiyo ni kazi ya mhadhara mwingine. Kwa sasa nipo tayari kupokea maswali, na yule anayesema picha hizi hazimhusu ndiye ninayependa aanze.